Begich alitolewaje? Uchambuzi wa uchaguzi mdogo wa Alaska, Agosti 2022

Katika mjadala wa Marekani kuhusu kura ya kupanga wagombea (mpiga kura anawapanga kwa namba, na asipopatikana wa zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwenye chaguo linalofuata), pande zote mbili hupenda kuutaja uchaguzi mdogo wa ubunge uliofanyika Alaska tarehe 16 Agosti 2022. Watetezi wanasema ulithibitisha kwamba mfumo unafanya kazi. Wapinzani wanasema ulithibitisha kwamba mfumo unapora ushindi. Sisi tumeuchagua kwa sababu nyingine kabisa: Idara ya Uchaguzi ya Alaska ilichapisha rekodi ya kila karatasi ya kura, bila jina la mpiga kura, hivyo mwenye kompyuta na subira anaweza kuirudia hesabu yote na kuuliza hata yale ambayo matokeo rasmi hayakuyagusa.

Tunachokiona katika rekodi hizo ni hiki. Hesabu ilikuwa sahihi, sheria ilifuatwa, na Mary Peltola alishinda kihalali. Lakini kulikuwa na mgombea mmoja, Nick Begich, ambaye angemshinda kila mwenzake kama wangepambanishwa wawili wawili, na huyo ndiye aliyetolewa kwanza kati ya watatu. Harakati za mageuzi ya uchaguzi zimelikwepa jambo hili kwa muda mrefu, na kulikwepa kumezigharimu.

Kiti kilivyobaki wazi

Alaska ina mbunge mmoja tu katika Baraza la Wawakilishi. Don Young alikikalia kiti hicho tangu Machi 1973 hadi alipofariki tarehe 18 Machi 2022, miaka 49. Mwaka mmoja na miezi minne kabla ya kifo chake, Novemba 2020, wananchi wa Alaska walikuwa wamepitisha kwa kura ya maoni sheria mpya ya uchaguzi. Ilipita kwa asilimia 50.55, tofauti ya kura 3,781. Kwa hiyo mfumo mpya ulifanyiwa majaribio yake ya kwanza kwenye uchaguzi wa dharura, kitu ambacho hakuna aliyekipanga.

Sheria hiyo ina sehemu mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mchujo wa wazi: wagombea wa vyama vyote na wa kujitegemea wanawekwa kwenye karatasi moja, mpiga kura anachagua mmoja tu, na wanne wa juu wanasonga mbele. Ya pili ni uchaguzi wenyewe, ambapo mpiga kura anawapanga hao wanne kwa namba. Kupanga hakupo kwenye mchujo.

Mchujo wa Juni 11 ulifanywa kwa njia ya posta na ulikuwa na wagombea 48. Sarah Palin, gavana wa zamani na mgombea mwenza wa urais wa Republican mwaka 2008, aliongoza kwa asilimia 27. Nick Begich III, naye wa Republican, alipata 19.1. Al Gross, mgombea asiye na chama, alipata 12.6. Peltola wa Democrat, Myup'ik (mmoja wa wenyeji wa asili wa Alaska) wa eneo la Bethel aliyewahi kukaa miaka kumi katika bunge la jimbo, alikuwa wa nne kwa asilimia 10.1. (Jina la Begich si geni kwenye kiti hicho. Babu yake, Nick Begich, alikuwa mbunge wa Alaska kwa Democrat, akapotea na ndege mwaka 1972, na nafasi yake ndiyo iliyomwingiza Young bungeni.)

Hapo likatokea tatizo la kwanza. Gross alijitoa siku chache baada ya mchujo. Ilidhaniwa kwamba Tara Sweeney, aliyekuwa wa tano, angepandishwa. Sheria inaruhusu kumpandisha wa tano ikiwa aliyejitoa ametoka siku 64 au zaidi kabla ya uchaguzi, na Gross alitoka zikiwa zimebaki chini ya siku 60. Mahakama Kuu ya jimbo iliunga mkono msimamo wa Idara kwamba Sweeney asipandishwe. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 16, siku ya 64 inaangukia Juni 13, siku mbili tu baada ya mchujo, kura zikiwa bado zinahesabiwa. Hakuna mgombea ambaye angeweza kuutimiza muda huo kwa akili timamu. Ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya kalenda ya kawaida, ambapo mchujo ni Agosti na uchaguzi ni Novemba. Uchaguzi wa wanne ukageuka wa watatu, Warepublican wawili na Mdemocrat mmoja, na mpangilio huo ndio uliozaa yote yanayofuata.

Karatasi na kanuni zake

Karatasi ya kura ni jedwali. Majina yako upande wa kushoto, safu za chaguo la kwanza, la pili, la tatu na la nne zinapita juu, na mpiga kura anajaza kiduara kimoja katika kila safu. Safu ya nne ilikuwepo kwa sababu kulikuwa na mstari mtupu wa kuandika jina la mtu asiye kwenye orodha. Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda waliopata uraia wakiishi Portland au Lewiston katika jimbo la Maine watakuwa wameiona karatasi ya namna hii, kwa kuwa Maine huchagua wabunge wake kwa kupanga tangu 2018.

Hakuna anayelazimishwa kupanga. Ukimweka mmoja tu, kura yako ni halali na inabaki kwake hadi atolewe. Kumpa mtu yuleyule namba zote hakumwongezei kitu. Inahesabiwa mara moja. Kuruka safu moja hakuharibu, mashine inasogea kwenye chaguo linalofuata. Ukiruka safu mbili mfululizo, kura inakoma hapo. Ukijaza viduara viwili katika safu moja, kura inakoma pia katika safu hiyo, na yaliyo baada yake hayasomwi hata kama yamejazwa vizuri. Elimu ya mpiga kura inatakiwa ikazie hili la mwisho kuliko yote, kwa maana ndilo kosa pekee linaloua kura ya mtu aliyekuwa na nia kamili ya kupanga.

Tutatumia neno "kukoma" kwa kura ambayo wagombea wake wote wameshatolewa, au iliyofika mahali isipoweza kusogezwa. Si kura iliyoharibika. Ilihesabiwa katika duru zote zilizotangulia.

Hesabu yenyewe

Usiku wa Agosti 16 yalitangazwa machaguo ya kwanza tu. Hesabu ya kuhamisha kura ilingoja hadi Agosti 31, kwa kuwa sheria inazipa kura zinazotoka ng'ambo siku 15 za kufika, na Idara iliamua isihamishe chochote kabla ya kura zote kuingia. Wiki hizo mbili za ukimya zilijaa uvumi. Lakini kuhamisha kura mapema ni hatari zaidi, hasa pale ambapo tofauti kati ya wa pili na wa tatu ni ndogo: kura chache zinazochelewa zinaweza kubadili nani anatolewa, na matokeo yote ya awali yakageuka.

Katika hesabu ya kwanza Peltola alikuwa na kura 74,817, Palin 58,339, Begich 52,536, na majina yaliyoandikwa kwa mkono 2,974. Jumla 188,666. Majina ya mkono yalitolewa kwanza, kura zake 84 zikakoma, nyingine zikahamia kwa watatu waliobaki:

Peltola 75,799 (asilimia 40.19)
Palin 58,973 (31.27)
Begich 53,810 (28.53)

Hakuna aliyevuka nusu. Begich, wa mwisho, akatolewa. Kati ya kura zake 53,810, Palin alipata 27,053, Peltola 15,467, na 11,290 zikakoma kwa kuwa karibu zote hazikuwa na chaguo la pili. Hesabu ya mwisho ikawa Peltola 91,266, Palin 86,026. Kwa asilimia, 51.48 dhidi ya 48.52, kwa kura, tofauti ya 5,240. Peltola aliapishwa Septemba 13, mwenyeji wa asili wa Alaska wa kwanza kuingia Bunge la Marekani.

Madai mawili, na lingine la watetezi

Seneta Tom Cotton wa Arkansas alitoka siku ileile akisema kwamba asilimia 60 ya wapiga kura walimchagua Mrepublican, na bado Mdemocrat akapewa kiti. Idadi ni kweli, 31.27 na 28.53 zinafanya 59.8. Hitimisho ndilo lisilosimama. Kama Alaska ingetumia mfumo wa anayeongoza ndiye mshindi, kama wanavyochaguliwa wabunge na magavana Kenya au wabunge Tanzania, Peltola angeshinda kwa wagombea hao hao na asilimia 40. Kama ingetumia mchujo wa chama, Palin aliyemwacha Begich mbali mwezi Juni pengine ndiye angepeperusha bendera ya Republican, na tunajua Palin dhidi ya Peltola kulikuwa na matokeo gani. Kupanga hakukumpa Peltola kiti ambacho mfumo wa zamani ungemnyima.

Dai la pili ni kwamba kura zilizokoma ndizo zilizomwangusha Palin. Hili linapimika. Palin alihitaji zaidi ya 8,265 kati ya kura 11,290 zilizokoma, karibu asilimia 73, ili aipindue tofauti ya 5,240. Wapiga kura wa Begich waliopanga walikwenda kwa Palin kwa asilimia 63.6 tu. Wangekuwa hao wengine wa namna ileile, Palin angevuna takriban 7,180 na Peltola 4,110, na bado Peltola angeshinda kwa zaidi ya kura 2,100. Kilichomwangusha Palin ni zile 15,467, za watu waliomweka Begich mbele na kwa makusudi wakamweka Peltola wa pili. Chama kilikuwa kimehimiza watu wapange Warepublican wote wawili, lakini wagombea wenyewe walitumia kampeni nzima kurushiana maneno. Katika mfumo huu, kumtukana jirani yako ni kujinyima kura zake za pili.

Watetezi nao wana dai lao lisilokaa sawa: kwamba mshindi wa kura ya kupanga lazima awe na wingi wa wapiga kura. Kura 91,266 kati ya 188,666 ni asilimia 48.4. Asilimia 51.48 inatokana na kura zilizobaki hai katika duru ya mwisho. Hakuna aibu katika hilo. Hata duru ya pili ya kawaida huwa na watu wachache kuliko ya kwanza. Ila kipeperushi kinachoahidi "zaidi ya nusu ya wote" kinaahidi kitu ambacho mfumo haukitoi, na mpinzani mwenye kikokotoo atakigundua ndani ya dakika tano.

Mtu wa katikati

Sasa tuzisome rekodi za karatasi kwa swali tofauti. Tusihesabu nani ni wa kwanza. Tumpambanishe kila mgombea na kila mwenzake, tukiangalia kwenye kila karatasi nani amewekwa juu ya nani.

Peltola dhidi ya Palin tunayajua: Peltola 91,266, Palin 86,026. Begich dhidi ya Palin: Begich takriban 101,200, Palin takriban 63,700. Begich dhidi ya Peltola: Begich takriban 87,900, Peltola takriban 79,500.

Begich anashinda mapambano yote mawili, na si kwa kubahatisha. Wataalamu wa mifumo ya kura humwita mtu wa aina hiyo mshindi wa Condorcet, kwa jina la mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 18 aliyelieleza wazo hili. Tutamwita mshindi wa ana kwa ana.

Alitolewaje basi? Kwa sababu hesabu ya kuondoa wa mwisho huangalia chaguo la juu tu la kila karatasi katika duru husika. Machaguo ya pili ya wapiga kura wa Begich yalisomwa kwa kuwa yeye alitoka. Machaguo ya pili ya wapiga kura wa Palin, takriban 34,000 yakiwa ya Begich na 3,700 ya Peltola, hayakusomwa hata mara moja, kwa sababu Palin alibaki hadi mwisho. Ya wapiga kura wa Peltola, zaidi ya 47,000 yakiwa ya Begich, hayakusomwa pia. Begich alikuwa chaguo la pili la watu wengi mno na chaguo la kwanza la wachache kidogo kuliko Palin. Tofauti kati yake na Palin ilikuwa kura 5,163. Anayekubalika na pande zote mbili hubanwa katikati, kura za kwanza zikaenda kwa wale walioko pembeni wenye wafuasi wakali, naye akatoka kabla kukubalika kwake hakujapimwa.

Kuna matokeo mawili ya ajabu yanayofuata kutoka hapo, na tunayaandika kwa namba ili msomaji ayahakiki mwenyewe.

Tuseme wapiga kura 5,200 waliopanga Palin, kisha Begich, kisha Peltola wangebaki nyumbani siku hiyo. Palin angekuwa na 53,773 na Begich 53,810. Palin anatolewa. Begich anarithi zile zilizobaki kati ya 34,000, takriban 28,900, anafika 82,700. Peltola anafika 79,500. Begich ni mbunge. Maana yake ni kwamba watu hao 5,200 walitoka nyumbani, wakapiga kura kwa uaminifu, na kwa kufanya hivyo wakamsaidia mtu waliyemweka wa mwisho.

Au tuseme wapiga kura 6,000 kati ya takriban 21,000 waliomweka Palin peke yake wangebadili mawazo wakamweka Peltola wa kwanza. Palin anashuka hadi 52,973 na kutolewa. Peltola ana 81,799, anaongezewa zile 3,700, anafika 85,500. Begich anafika 87,900. Peltola angepata kura 6,000 zaidi na angeshindwa.

Matukio ya namna hii ni machache. Katika chaguzi mia kadhaa za kupanga zilizochambuliwa Marekani, kesi ambazo mshindi wa ana kwa ana alitolewa zinahesabika kwa vidole. Maarufu kabla ya Alaska ilikuwa ya umeya wa Burlington, Vermont, mwaka 2009: Andy Montroll angewashinda wote wawili wawili, akatolewa, Bob Kiss akashinda. Mwaka uliofuata wakazi waliufuta mfumo, na hawakupiga kura ya kuurudisha hadi 2021, wakianzia na viti vya madiwani. Sharti la kutokea ni moja katika kesi zote mbili: wagombea watatu wenye nguvu zinazokaribiana, wa katikati akiwa na kura za kwanza chache zaidi. Uchache wake haumfariji aliyebeba gharama. Mfumo ukifeli kwenye uchaguzi wa diwani wa kata tulivu, hakuna anayejua; ukifeli kwenye uchaguzi wake wa kwanza, nchi nzima ikitazama, unabeba jina hilo kwa miaka.

Na dawa ipo, kwenye karatasi ileile na kwa mpiga kura yuleyule. Badala ya kumtoa moja kwa moja mwenye kura chache za kwanza, unawachukua wawili wa mwisho, unawapambanisha kwa kutumia karatasi zote, na anayeshindwa kati yao ndiye anayetoka. Agosti 2022 wawili wa mwisho walikuwa Palin na Begich. Begich angepita kwa 101,200 dhidi ya 63,700, Palin angetoka, na duru ya mwisho ingekuwa Begich na Peltola. Kanuni hii inahakikisha kwamba mshindi wa ana kwa ana, akiwepo, hatolewi kamwe, kwa sababu kila anapopambanishwa anashinda. Inaongeza aya moja kwenye sheria. Tunaona ni kosa la mkakati kwamba mashirika makubwa ya mageuzi Marekani yameendelea kuuza toleo la zamani bila kuitaja.

Kura lazima isafiri

Kuna upande wa kazi za mikono ambao wasomaji wa Afrika Mashariki wataujali kuliko Wamarekani wengi. Katika mfumo wa kawaida, kituo kinahesabu, kinajaza fomu, na jumla ya nchi ni jumla ya fomu. Kenya imejenga imani yake juu ya hilo: Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yaliyotangazwa chini ndiyo ya mwisho na makao makuu hayawezi kuyabadili, na tangu hapo kila raia anaweza kujumlisha Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya vituo, mwenyewe.

Kura ya kupanga haijumlishiki hivyo. Kituo hakiwezi kujua nani atatolewa nchi nzima, hivyo hakijui machaguo ya pili ya nani yasomwe. Ama karatasi zenyewe, au rekodi ya kila karatasi, lazima zifike mahali pamoja. Alaska mahali hapo ni Juneau. Vituo vikubwa vina mashine zinazohifadhi picha na rekodi. Vijiji vingi havina: wanahesabu kwa mkono, wanapiga simu kutaja machaguo ya kwanza, kisha karatasi zinapandishwa ndege na kupita mikononi mwa posta. Novemba 2022 karatasi za vijiji sita hazikufika kwa wakati, na wapiga kura wake walihesabiwa chaguo la kwanza tu. Wengi wao ni wenyeji wa asili. Walipanga kama wengine, ila upangaji wao haukuingia popote.

Mtu anaweza kusema fomu ya kituo iandike idadi ya kila mpangilio. Kwa wagombea watatu mipangilio inayowezekana, ikiwemo ya nusu, ni 15. Kwa wanne ni 64. Kwa wanane ni 109,600, na fomu hiyo haiandikiki. Hesabu ya ana kwa ana ni tofauti: kituo kinajaza jedwali la nani aliwekwa juu ya nani mara ngapi, namba 6 kwa wagombea watatu, 56 kwa wanane, na majedwali ya vituo vyote yanajumlishika kama fomu yoyote. Nchi yenye barabara mbovu na imani ndogo kwa makao makuu ingefanya vema kulifikiria hili kabla ya kunakili sheria ya Alaska neno kwa neno. Kanuni ya kuwapambanisha wawili wa mwisho nayo inaweza kuhakikiwa kutoka kwenye jedwali hilo: pamoja na idadi ya machaguo ya kwanza, jedwali linatosha kuthibitisha kama yupo aliyewashinda wote, na mara nyingi yupo.

Novemba, kisha 2024

Wagombea walewale watatu walikutana tena Novemba 2022, akiongezeka Chris Bye wa Libertarian. Peltola alikuwa ameshakuwa mbunge kwa wiki kadhaa na watu wamemzoea. Alipata asilimia 48.77 katika hesabu ya kwanza, Palin 25.74, Begich 23.33, na mwisho Peltola akamshinda Palin kwa 54.96 dhidi ya 45.04. Safari hii kitendawili hakikuwepo.

Warepublican walijifunza. Katika mchujo wa Agosti 2024 Peltola alipata karibu asilimia 51, Begich 26.6, Nancy Dahlstrom, naye wa Republican, 19.9. Dahlstrom akajitoa ili kura zisigawanyike, na wa chini yake naye akajitoa. Nafasi zao zikachukuliwa na John Wayne Howe wa chama cha uhuru wa Alaska na Eric Hafner, Mdemocrat aliyekuwa akitumikia kifungo gerezani katika jimbo la New York. Mshangao ulikuwa mkubwa, lakini mantiki ni rahisi: chama kiliutumia mfumo wa kupanga kana kwamba ni ule wa zamani, kikasimamisha mtu mmoja. Begich alishinda katika hesabu ya mwisho kwa asilimia 51.2 dhidi ya 48.8. Ukweli kwamba chama kiliona ni salama zaidi kumtoa mgombea wake wa pili ndiyo hukumu nzito zaidi juu ya hesabu ya Agosti 2022, kwa sababu ahadi ya msingi ya kupanga ni kwamba hakuna haja ya mtu kujitoa.

Siku hiyohiyo ya Novemba 2024 wapiga kura wa Alaska waliulizwa kama wafute mfumo wote. Waliubakiza kwa tofauti isiyofika kura 750, kati ya zaidi ya 320,000. Kwingineko hali ilikuwa mbaya kwa harakati: Colorado, Idaho, Nevada na Oregon zilikataa mapendekezo yenye kura ya kupanga, Missouri ikapiga marufuku kabisa, huku jiji kuu la Washington likikubali. Nevada ilikuwa imeshasema ndiyo mwaka 2022, lakini katiba yake inadai kura mbili, na ya pili ikawa hapana.

Anayekaa leo kuandika rasimu ya sheria kama hii, popote alipo, anaweza kuanza na mambo ambayo Alaska iliyalipia. Muda wa kumpandisha wa tano uandikwe kwa siku baada ya matokeo ya mchujo kuthibitishwa, usiandikwe kwa siku kabla ya uchaguzi. Rekodi ya kila karatasi ichapishwe kwa lazima ya sheria, pamoja na jedwali la ana kwa ana, siku ileile ya matokeo. Kituo kisicho na mashine kipewe skana inayobebeka, au kitume picha za karatasi kabla ya karatasi zenyewe kupanda ndege. Asilimia ya mshindi itangazwe mara mbili, ya kura zilizobaki hai na ya kura zote. Na kifungu cha kuondoa mgombea kisomeke kwamba kati ya wawili wenye kura chache, anayetolewa ni yule ambaye karatasi nyingi zaidi zimemweka chini ya mwenzake.